Barua ya wazi kwa wanaosimamia ukaazi Uganda: tupeni hati ya kutoka na kurudi

Waheshimiwa mnaosimamia uhamiaji na ukaazi wa wageni nchini Uganda,

Shikamooni.

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Missenyi mkoani Kagera, nimeolewa Kyotera na Mganda mwenye kitambulisho chake cha taifa na kura yake. Ndoa ilifungwa kanisani, cheti kipo, watoto wanasoma hapa hapa. Ombi langu la ukaazi wa kudumu kwa njia ya ndoa limekwishapokelewa, ada imelipwa benki kwa namba ya malipo, na sasa linasubiri. Siandiki kulalamikia kusubiri. Aliyewahi kufuatilia karatasi serikalini, iwe Kampala au Dodoma, anajua kwamba faili lina mwendo wake. Nililo nalo ni jambo moja: faili linaposubiri, tusifungwe mguu na sisi. Tupeni hati inayosema huyu ameomba ukaazi, ombi lake liko hai, anaruhusiwa kutoka na kurudi kwa mwenzi wake mpaka jibu litoke.

Kwa mtu wa Kampala, kuishi kati ya nchi mbili huenda ni habari ya uwanja wa ndege: unapanga safari, unaaga watu, unarudi baada ya mwaka. Kwetu nchi mbili ni Jumatano na Ijumaa. Kutoka Kyotera unapanda taksi hadi Mutukula, unavuka, unadandia gari la Bukoba, unashuka kabla ya daraja la Kyaka, uko kwa mama. Mpaka wenyewe ni mstari ulionyooka wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ambao Waingereza na Wajerumani waliafikiana mwaka 1890 wakiwa Ulaya, bila kuuliza ni nani ameoa wapi. Watu wa Kiziba upande wa Kagera na watu wa Buddu upande wa Uganda wameendelea kuoana juu ya mstari huo hadi leo, na mimi ni mmoja wao. Mama yangu ni mzee, ana presha, anaishi na mjukuu mmoja, na kliniki yake haingoji ratiba ya ofisi. Pia ninafanya biashara ndogo ya maharage. Sitaki kuonekana mtakatifu wa kumuuguza mama tu; maharage nayo yananivusha.

Naomba kwanza nitoe sifa pale panapostahili. Kituo cha pamoja cha Mutukula, kilichozinduliwa Novemba 2017 na Rais Museveni na hayati Rais Magufuli, kimetupunguzia adha kubwa. Zamani ulipanga foleni upande huu, ukavuka na mizigo, ukapanga tena upande wa pili. Siku hizi maofisa wa nchi zote mbili wamekaa jengo moja, unagongewa kutoka na kuingia papo hapo. Maofisa wa pale wana adabu, na wengine wananijua kwa sura na kumjulia mama hali.

Tatizo ni kile kinachogongwa. Mtanzania akiingia Uganda anaingia kama mwananchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na anaweza kupewa hadi miezi sita bila kulipia viza. Ni haki nzuri na sitaki iguswe. Lakini muhuri ule ni wa mgeni. Unaulizwa madhumuni ya safari: kutalii, biashara, kupita njia, kutembelea jamaa. Hakuna pa kusema kwamba ninarudi kupika chakula cha jioni. Basi nasema kutembelea jamaa, nagongewa, naingia Kyotera nikiwa mgeni wa watoto wangu mwenyewe.

Ningeweza kucheka na kupita, lau muhuri ungeishia pale mpakani. Hauishii pale. Unakuja kusomwa siku faili linapofunguliwa. Niliwahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi moja jijini, mbele yangu kijana mpole, analowesha kidole kwenye sifongo na kufunua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa, midomo ikitembea kama mtu anayehesabu. Alipofika mwisho akaniangalia: “Nyabo, wewe unaishi wapi hasa?” Nikatoa barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, yenye muhuri wake wa zambarau, nikatoa risiti za ada ya shule, nikatoa kadi za kliniki za watoto. Akasema zote ni nzuri, ila pasipoti inaonyesha mtu anayekuja na kuondoka. Akanishauri nitulie, nisisafiri-safiri mpaka jibu litoke. Nikamuuliza litatoka lini. Akatabasamu, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Sina ugomvi na kijana yule. Alinishauri alichoshauriwa. Lakini sijaonyeshwa mahali popote palipoandikwa kwamba mwombaji wa ukaazi kwa ndoa asitoke nchini, wala kwamba akitoka siku kadhaa ombi lake linadhoofika. Ni ushauri wa dirishani, na ushauri wa dirishani unabana kuliko sheria kwa sababu hauna kifungu unachoweza kukikatia rufaa. Kama kuna idadi ya siku ambazo mwombaji haruhusiwi kuzizidisha akiwa nje, itangazeni. Tutazihesabu. Wake wa mpakani tunajua kuhesabu siku.

Sasa niwaambie ushauri huo unazaa nini. Mama mmoja ninayemfahamu, Mtanzania mwenzangu aliyeolewa vijiji vya huku, alikuwa ameacha pasipoti yake halisi ofisini ikisubiri kugongwa kibali. Simu ikaingia usiku kwamba kaka yake amefariki Muleba. Msiba wa kwetu hausubiri. Dada wa tumbo moja asipoonekana matangani, ukoo utalikumbuka jambo hilo hadi kwa wajukuu. Pasipoti iko Kampala, zaidi ya kilomita 150 kutoka anapolala, nayo ilikuwa Ijumaa usiku. Alipita njia za panya. Mnazijua: ni vichochoro vya mashambani ambavyo vijana wa boda wanavipita na dumu za mafuta. Alizika, akarudi njia ile ile, na hakuna aliyemkamata. Lakini tangu siku hiyo hana amani, kwa sababu mtu aliyekuwa ameingia nchi hii kihalali, mwenye ndoa halali na ombi halali, sasa ana safari moja ambayo hawezi kuieleza akiulizwa. Aliyemsukuma kwenye kichochoro kile ni utaratibu wa kukaa na kitabu cha mtu bila kumwachia chochote mkononi.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo wengi wetu hatulijui, hata tunaopiga kelele za Jumuiya kila siku. Tunadhani Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatulinda. Inatulinda nusu. Kifungu cha 14 kinahakikisha haki ya ukaazi kwa raia wa nchi wanachama waliokwenda kufanya kazi au kujiajiri, pamoja na wenzi wao na watoto wao. Mke wa Mtanzania aliyeajiriwa Kampala yumo. Mimi niliyeolewa na mwenyeji simo kwa njia hiyo, maana mume wangu hakuhamia popote, yuko kwao. Na kuhusu ukaazi wa kudumu, Itifaki yenyewe inasema mambo hayo yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kwa hiyo tusiambiwe tukaulize Arusha. Mwenye kalamu ni Uganda, na Uganda inaweza kuandika kesho asubuhi bila kungoja mkutano wa wakuu wa nchi.

Tena maharage yangu yametangulia. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, kama bidhaa iko kwenye orodha iliyokubaliwa, anapata pale pale mpakani cheti rahisi cha uasili, kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi, na anapita bila ushuru wa forodha. Waliobuni utaratibu huo walikaa wakafikiri: huyu mama anavuka kila wiki, hawezi kufuatwa na makaratasi ya kontena. Fikra hiyo hiyo ingetosha kwa mama mwenyewe. Gunia linajulikana lilikotoka na linakokwenda. Mwenye gunia anaulizwa anaishi wapi.

Wapo wanaotuambia: si uchukue uraia, yaishe? Uganda imeruhusu uraia wa nchi mbili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005 na sheria ya 2009, na nawapongeza. Ila ndoa hii ina nchi mbili, na nchi yangu ya kuzaliwa bado haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia mwingine. Nikiomba uraia wa Uganda kwa hiari yangu, wa Tanzania unaondoka. Na si bendera tu inayoondoka. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 ilipotungwa haikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Migomba ya marehemu baba, ambayo mama anaitazama kila asubuhi akiwa barazani, ningeitazama kwa uchungu. Ndiyo maana kwa Mtanzania aliyeolewa hapa ukaazi wa kudumu ndiyo njia pekee ya kuwa mke huku bila kuacha kuwa binti kule. Mkituambia tuchague, mjue mnatuambia tuchague kati ya watoto na mama.

Wala sidai kwamba upande wetu ni wema kuliko wenu. Sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 inamfungulia mlango mwanamke aliyeolewa na Mtanzania aombe uraia kama mke, lakini mwanamume wa nje aliyeoa Mtanzania hakuwekewa mlango huo. Mashemeji zetu Waganda waliooa Bukoba wana barua yao ya kuandika, na wakiiandika nitaitia sahihi. Hii ya leo ni ya huku.

Mkitaka mifano, iko karibu na iko mbali. Kenya, katika sheria yake ya uraia na uhamiaji ya 2011, imemtaja waziwazi mwenzi aliyekaa katika ndoa na Mkenya angalau miaka 3 kuwa miongoni mwa wanaostahili ukaazi wa kudumu. Mwombaji anajua saa yake inaanza lini. Kanada inamtaka mkaazi wa kudumu awe amekaa nchini siku 730 katika kila miaka 5, lakini siku anazokuwa nje akiambatana na mume au mke wake aliye raia wa Kanada zinahesabiwa kana kwamba yuko ndani. Marekani ni wakali: aliyeko ndani ya nchi akiomba ukaazi kwa njia ya ndoa, akitoka bila hati ya ruhusa ya kurudi, kwa kawaida anahesabiwa ameliacha ombi lake. Ukali huo siupendi. Lakini tazameni, hata hao wakali wana hati. Ipo, ina jina, inaombwa, na aliyeipata anakwenda kumzika ndugu yake na kurudi kwa mlango wa mbele.

Hati ninayoiomba haihitaji mtambo mpya. Mfumo wenu wa maombi uko mtandaoni, na mwombaji anapewa namba ya ombi. Namba hiyo ichapwe kwenye karatasi moja yenye jina, picha na alama ya kuskani, ionekane kwenye kompyuta ya mpakani. Ofisa wa Mutukula, Busia, Malaba, Katuna au Mpondwe akiskani, aone: mwombaji wa ukaazi kwa ndoa, ombi halijaamuliwa. Amgongee muhuri unaosema hivyo badala ya ule wa mgeni. Ombi likikataliwa, karatasi inakufa kwenye mfumo siku hiyo hiyo. Hamjampa mtu haki ambayo hakustahili. Mmemwachia tu njia ya kurudi nyumbani wakati mnamchunguza.

Pasipoti nayo ibaki kwa mwenyewe. Mnayo nakala, mna alama za vidole. Siku ya kugonga kibali mwiteni aje nayo, igongwe, aondoke nayo. Na faili lisifuate namba ya pasipoti, lifuate namba ya mtu. Sisi tunaovuka mara kwa mara tunamaliza kurasa upesi kuliko mwanadiplomasia. Ukipata pasipoti mpya yenye namba mpya, unaanza kuwa watu wawili: mmoja ameomba ukaazi, mwingine hajulikani. Unaandika barua ya kueleza kwamba wewe ndiye wewe. Unaambatanisha kitabu cha zamani kilichokatwa kona. Unasubiri tena.

Kuna suala la umbali. Huduma ya pasipoti kwa wananchi mmeshaisogeza hadi Mbarara, Mbale na Gulu, na watu wameshukuru. Mafaili ya wenzi wa ndoa wengi yanatoka mipakani, siyo Kampala. Kwa nini mume aache lori lake njiani aje jijini kusimama pembeni yangu athibitishe kwamba ni mume wangu, wakati gombolola, ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, lina ofisa anayetujua, na LC1 anajua hata jina la mbuzi wetu? Uthibitisho ufanywe huko. Mtu mwongo ni rahisi kumgundua kijijini kwake kuliko dirishani Kampala.

Lililobaki ni zito, na nalisema kwa sauti ya chini kwa sababu mume wangu atasoma barua hii. Kila karatasi ya ombi hili inaning’inia kwake: barua yake, kitambulisho chake, sahihi yake. Ni sawa, ndiyo maana ya kuomba kwa ndoa. Lakini barabara ya Masaka tunaijua kwa ajali zake. Mume akifa faili likiwa mezani, mjane anasimama wapi? Na mke aliyepigwa akakimbilia kwa mama yake ng’ambo, akirudi kuwafuata watoto, barua mpya ya mume ataipata kwa nani? Katiba ya Uganda ya 1995, inapozungumzia uraia wa kuandikishwa kwa sababu ya ndoa, iliyaona haya zamani. Inampa nafasi hata yule ambaye mwenzi wake Mganda amefariki, na inasema aliyekwisha kuandikishwa haupotezi uraia kwa kuwa ndoa imevunjika, labda aukane mwenyewe. Walioiandika walijua kwamba mtu akishaishi na kuzaa mahali, kifo au talaka havimgeuzi kuwa mpita njia. Uandikeni msimamo huo huo kwenye kanuni za ukaazi, tena kwa aliye na cheti cha ukaazi na kwa ambaye ombi lake bado linasubiri. Mjane asiwe na tanga la mume asubuhi na muhuri wa mgeni jioni.

Mtasema kuna ndoa za uongo, na zipo. Kuna watu wanaoana mbele ya ofisa mmoja na hawajawahi kulala chini ya paa moja. Wachunguzeni, njooni nyumbani bila taarifa, ulizeni majirani, ulizeni mawifi, wao hawafichi kitu. Mwenye ndoa ya uongo hasumbuliwi na zuio la kusafiri; yeye anaweza kutulia Kampala mwaka mzima, hana mama wa kumpeleka kliniki upande wa pili wala watoto wanaomngoja upande huu. Kipimo cha “nani ametulia” kinampendelea yule yule mnayemtafuta.

Ninaomba jibu, na naomba liwe la hadharani kwa sababu tunaolihitaji ni wengi: Wakenya walioolewa Busia na Tororo, Wakongo wa Bwera, Wanyarwanda wa Kabale, na sisi wa Kagera. Kama hati ninayoizungumzia ipo tayari, tuambieni inaombwa dirisha gani na kwa ada gani, na mtutajie ada hiyo kwa shilingi, maana maharage hatuyauzi kwa dola. Kama haipo, tuambieni ni nani mwenye uwezo wa kuianzisha, waziri kwa kanuni au Bunge kwa sheria, ili nakala ya barua hii tumpelekee mbunge wetu akiwa bado anapokea simu. Tangazo likitoka, libandikwe Mutukula, karibu na dirisha la muhuri wa kuingia. Nitaliona tu, wiki ijayo ni zamu ya kliniki ya mama.

Wenu katika kusubiri,
Mke wa Kyotera, binti wa Missenyi